Waache Waseme ni Waya

Tulimzika Bi Fatma wiki iliyopita, Malindi, baada ya sala ya Adhuhuri. Nilitoka Mombasa asubuhi hiyo hiyo na nikawahi kulishika jeneza hatua chache kabla ya kufika makaburini. Tuliporudi nyumbani kwake, mikeka ilikuwa imetandikwa uani, na mzee mmoja aliyekaa kando yangu alinitazama sana kisha akaniuliza, "Wewe si Athumani? Athumani wa spika?" Nikamwambia ndiye mimi. Hakuna aliyeniita jina hilo tangu nilipouhama ule mji nikiwa kijana. Mzee akatikisa kichwa, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Nadhani sote wawili tulikuwa tumemkumbuka mume wa marehemu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja. Jioni niliporudi kwangu mke wangu aliniuliza mbona sili. Nilimwambia ni uchovu wa safari. Haikuwa kweli. Nilikuwa naisikia sauti ya mume huyo, Maalim Shee, tena si ile nzuri ambayo mji mzima uliijua, bali ile ya mwisho, ya mwaka niliokaa nyumbani kwao.

Mwaka ule nilikuwa fundi wa redio katika kibanda karibu na soko, na nilipanga chumba cha mbele kwa Maalim Shee na Bi Fatma. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, mitaa miwili kutoka ufuoni. Ukuta wa chumba changu haukufika darini. Ulikoma chini ya boriti, kwa hiyo kila lililosemwa ukumbini lilipita juu na kunishukia kitandani. Nilijua Bi Fatma akiwa na hasira na muuza samaki, nilijua Maalim akiwa anapitia sura za Kurani atakazosomesha watoto chuoni. Hawakujaliwa mtoto, na bila ya mtu kutamka lolote nikaanza kula nao. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni chochote kilichobaki, na chai ya tangawizi iliyochemka mpaka ikawasha koo. Maalim alikuwa mlaji. Alikuwa akilimega hamri kwa vidole viwili, akalitia mbaazini, akafumba macho anapotafuna, na Bi Fatma alikuwa akimcheka: "Mwoneni, utadhani yuaomba dua."

Maalim ndiye aliyekuwa mwadhini wa msikiti wetu. Alikuja mjini kutoka visiwa vya kaskazini akiwa kijana, hana ndugu hapa wala kiwanja, na siku moja mwadhini wa zamani alipougua akaombwa aite. Tangu siku hiyo hakuna aliyefikiria kumwomba mtu mwingine. Sijui niielezeje sauti ile kwa mtu asiyeisikia. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na uzito chini na uwazi juu, na ilipofika katika kuwaita watu kwenye kufaulu aliivuta polepole mpaka muuza duka aliyekuwa akipima sukari aliacha mkono hewani. Akina mama waliepua masufuria ya wali kwa adhana yake, kwa maana hakuwahi kuchelewa. Hata wasafishaji wa mahoteli waliokuwa si Waislamu, wakipita na baiskeli zao asubuhi, walipunguza mwendo. Maalim mwenyewe hakulizungumza jambo hili kamwe. Alikuwa akirudi nyumbani, avue viatu, aulize chakula ni nini.

Upepo wa kusi ulipoanza mwaka ule, Mzee Badi, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikuja kibandani kwangu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na kofia iliyoshonwa vizuri. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema, "Athumani, zile spika zatutia aibu. Zakoroma. Watu wa upande wa juu wasema hawafahamu kama ni adhana au ni lori. Na Ramadhani i njiani." Nikamwambia nitapanda nizitazame. "Zitazame, mwanangu. Ukiona za kubadilishwa, sema, kamati itanunua."

Nilipanda kesho yake. Juu ya paa palikuwa na nguzo ya chuma na spika nne za honi, moja kwa kila upande, na nyaya zilizoshuka ukutani mpaka kwenye amplifaya karibu na mihrabu. Aliyezifunga alikuwa fundi wa bara, nafikiri, mtu asiyeijua bahari. Alitumia waya wa kawaida wa ndani ya nyumba, akausokota kwa mkono penye maungio, akauzungushia utepe, akashuka. Jua lilikuwa limeyeyusha gundi ya utepe ule, ukawa unaning'inia kama gamba la kitunguu. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka kote upande wa jua. Nilipoikwangua shaba nikaiona ya kijani, na ndani zaidi nyeusi, na nilipoipinda ikakatika bila ya kulia. Nikakata waya urefu wa mkono nikitafuta shaba nyekundu, bado nyeusi. Nikakata tena. Chumvi haikai pale ilipoingilia. Inaingia kwenye tundu dogo la maungio na unyevu, kisha inasafiri ndani ya mpira, na wewe kwa nje unauona waya mzima. Skrubu za ile honi iliyoelekea baharini zilivunjika kwa vidole.

Nilianza kwa kutia viraka, kama mafundi wote. Nilisafisha maungio, nikayafunga upya, sauti ikasafika kidogo, na kabla ya Ijumaa mbili kupita ikawa ileile. Hapo nikamwambia Mzee Badi kwamba nyaya zote zitoke. Alikubali bila ya ubishi, na waya mpya ukaja kutoka Mombasa, ule wa vyombo vya baharini, ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Nilikuwa kijana na nilitaka kazi ile inizidi umri. Kila ungio nililitia lehemu, nikalipaka grisi, nikalivisha mpira unaojibana ukipashwa moto. Nyaya nilizipitisha ndani ya paipu ili jua lisizione. Pale waya unapoingia kwenye honi niliuacha uning'inie kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yafike pale yadondoke, yasiufuate waya hadi ndani. Visanduku vya maungio nilivielekeza chini na kuviachia tundu dogo la kutolea jasho, kwa sababu kisanduku kilichozibwa kila upande hugeuka birika. Nilianza na spika mbili za upande wa bahari. Nilipozimaliza nilishuka nikaunganisha redio kwenye amplifaya, nikazizima zile kuukuu, na msomaji wa taarifa ya habari akatoka juu ya mji safi kabisa, kila herufi mahali pake. Watu njiani walisimama wakacheka. Nilijiona bwana.

Alasiri ile Maalim Shee akaadhini, na spika zangu mpya zikakwaruza.

Nilidhani ni maikrofoni. Nikaifungua, nikaisafisha, mwisho nikaleta nyingine. Nilijaribu mwenyewe kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu, safi. Nikamwomba Nassoro, fundi cherehani aliyekuwa akisali safu ya kwanza, aseme bismillahi; safi. Maalim aliposhika, mkwaruzo. Nikazipandia tena honi nikitafuta kosa langu. Nilitafuta kosa siku nyingi, na watu walikuwa wakinipa pole, wakisema chumvi ya Malindi haina dawa. Upande wa bara, ambako nyaya za zamani zilikuwa bado, kulikuwa kubaya zaidi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Mezani mambo yalikuwa yamebadilika na mimi sikuwa nimeyatia maanani. Hamri moja lilikuwa likibaki sahanini mwa Maalim, kisha mahamri yote. Alisema mafuta yamemchosha. Bi Fatma akaanza kumpikia uji wa mchele na pilipili manga, halafu pilipili manga ikaondoka, halafu mchele ukawa unachujwa. Alikunywa kidogo kidogo, akitazama pembeni kila anapomeza, kama mtu anayepita mahali penye mbwa. Akitusemesha alisema kwa kunong'ona, nami nikafikiri anaihifadhi sauti kwa ajili ya adhana. Katika hilo sikukosea.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimelala kujipumzisha, nao wakadhani nimerudi kibandani.

"Nimechoka kuwajibu watu, Shee," Bi Fatma alisema ukumbini. "Leo tena mke wa Badi aniuliza, mbona spika bado zakoroma?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia Athumani yuazitengeneza."

"Umejibu vyema. Waache waseme ni waya."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha Bi Fatma, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Yule daktari wa Kilifi alikwambia uende Mombasa mwezi uleule. Mwezi huo umepita, na wa pili umepita."

"Alisema watalitoa koo, Fatma. Si kulitibu. Kulitoa. Nitoke kule na tundu hapa, nisiweze hata kukuita jina."

"Usiniite! Nani alikwambia nataka kuitwa? Mimi nakutaka wewe. Afadhali uwe bubu uwe hai."

"Na nikiwa bubu mimi ni nani katika mji huu?" Alikohoa muda mrefu. "Nilikuja hapa sina kitu. Mungu akanipa hii moja. Acha iishe yenyewe, mikononi mwangu. Wasiitoe watu kwa kisu."

Nililala pale bila ya kujigeuza, kwa kuogopa kitanda kisilie, mpaka Maalim akatoka kwenda msikitini. Mtu husikia mengi katika nyumba ya watu na husahau mengi. Mazungumzo yale bado ninayo yote, hata kile kikohozi.

Kesho yake Bi Fatma alikuwa uani akikuna nazi. Alinitazama mara moja akajua, kwa sababu sikuweza kumsalimia sawasawa. Hakuacha kukuna. "Umesikia," akasema. Nikaitikia. "Zimebaki spika ngapi?"

"Mbili."

"Basi zimalize, mwanangu. Zikiwa nzima zote watamsikia. Wakimsikia watamwambia apumzike. Akishaambiwa apumzike, hana tena cha kungojea, atakubali kwenda." Alikishika kifuu akakitazama ndani kama aliyesahau ni nini. "Mimi nimemlilia, nimemwapia, nimeita mpaka ndugu zake kutoka visiwani. Zimebaki hizo nyaya zako."

Siku ileile Maalim alikuja kunishikia ngazi. Hakuwahi kufanya hivyo. Alisimama chini, kanzu ikipepea kwa upepo, na nilipokuwa nashuka kuchukua koleo akaniambia kwa mnong'ono, "Usiwe na haraka, Athumani. Kazi ya haraka haidumu kwenye chumvi."

Nilimtazama, naye hakukwepa macho yangu. "Maalim," nikamwambia, "nifanyeje?"

"Fanya kazi yako. Sikuombi uifanye vibaya, hilo ni haramu kwangu na kwako. Nakuomba tu usikimbie."

Sikukimbia, wala sikukawia. Nilizifunga zile mbili kama nilivyozifunga za kwanza, lehemu, grisi, mpira, paipu, na kazi ikaisha ilipoisha. Nimewahi kuulizwa na mtu niliyemsimulia kama ningeweza kuchelewesha, au kuharakisha. Ningeweza yote mawili. Ningechelewesha, angepata majuma machache zaidi ya kuita. Ningeharakisha, labda angefika Mombasa mapema, ingawa madaktari baadaye walisema majuma hayo yasingebadilisha kitu. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka mingi na hakuna upande uliotoka mzuri.

Ilikuwa Ijumaa. Upepo ulikuwa umetulia, na mji wote umekwisha kuoga na kuvaa. Nilisimama nje, mahali pa viatu, ili nisikie. Maalim akashika maikrofoni. Takbiri ya kwanza ilitoka spika zote nne, bila ya mlio wa waya, bila ya kukatika, na ndani ya usafi ule tukaisikia sauti ya mtu ambaye koo lake limekwisha. Kila pumzi ilisikika. Kila mahali alipojaribu kupanda pakasikika, na kila mahali alipoangukia. Hakukuwa tena na kitu cha kusingizia. Wanaume waliokuwa wakitawadha walisimama, maji yakimiminika kwenye mifereji. Mwanamke aliyekuwa akiuza udi ng'ambo ya njia alijishika mdomo akasema, "Ya Rabbi, kumbe ni yeye." Maalim aliiendeleza mpaka mwisho. Pale alipozoea kuivuta aliivuta, na haikuja, akangoja, akaivuta tena. Nilitamani utepe ule mkuukuu, nilitamani kutu, nilitamani chochote kirudi kimfunike.

Baada ya sala Mzee Badi alimshika mkono wakakaa kwenye nguzo, wazee wawili, magoti yao yakigusana. Hakumwambia maneno mabaya. Nilimsikia akisema, "Maalim, umetuita vya kutosha. Sasa pumzika, Nassoro atakushikia." Mzee Badi alikuwa akilia wazi, na Maalim ndiye aliyekuwa akimpapasa bega. Alipotoka alinikuta nimeketi palepale kwenye viatu. Akainama, akanitilia mkono kichwani kama mtoto wa chuoni. "Zasikika vizuri," akasema. "Hongera." Alivaa ndala zake akaenda nyumbani peke yake, akipitia upande wa kivuli.

Bi Fatma alikuwa amesema kweli: Maalim alikubali kwenda. Tulimpeleka Mombasa Jumatatu, mimi na mkewe. Hospitali kubwa ya kule ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi ya mbao, na tulikaa pale tukiwa na chupa ya uji ambayo hakuna aliyeifungua. Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, aliyemwita Maalim "baba". Walimtazama kwa mashine siku hiyo na siku iliyofuata. Kisha akatuita mimi na Bi Fatma peke yetu, akasema ugonjwa umeshuka kifuani, na kumkata sasa ni kumwongezea maumivu bure. Bi Fatma alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo hamtamtoa sauti?" Daktari akasema hapana, mama, hatutamkata. Bi Fatma akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kikavu, na daktari akanitazama mimi kana kwamba ningeweza kumfafanulia. Njiani kurudi, baada ya daraja la Kilifi, Maalim alimwashiria mkewe amfungulie dirisha, akaweka kipaji cha uso wake pale penye upepo, na hivyo tukafika Malindi.

Sauti yenyewe ilimtoka kabla ya Ramadhani. Asubuhi moja alifungua kinywa kumwita Bi Fatma, hewa ikatoka tupu. Akajaribu tena. Halafu akapiga makofi mawili mepesi, na tangu hapo tukawa tunaitwa kwa makofi. Tulimlaza ukumbini, karibu na dirisha la upande wa msikiti. Kufunga hakuweza, na kufuturu hakuweza vilevile. Maziwa aliyotiwa kwa kijiko yalirudi puani. Bi Fatma aliendelea kupika. Alikaanga, alichoma, alitengeneza tambi na kaimati kana kwamba nyumba ina watu kumi, kisha akazigawa kwa majirani, akarudi akakaa miguuni pa kitanda. Mimi nilikula chumbani kwangu nikiwa nimeupa mlango mgongo, kwa aibu ya kumeza.

Nassoro alikuwa na sauti ya kawaida, sauti ya mtu mwema. Mara ya kwanza alipoadhini nilikuwa nimekaa kando ya Maalim, na kazi yangu ilileta kila neno mpaka mle ukumbini, safi, kama mtu anayesimama mlangoni. Niliinuka kulifunga dirisha. Nilidhani namstiri. Akapiga makofi, akatikisa kichwa, nami nikaliacha. Kisha nikaiona midomo yake ikisogea. Alikuwa akimwitikia mwadhini, neno kwa neno, kama inavyompasa kila anayesikia. Miaka yote ile yeye ndiye aliyeita, na wengine ndio walioitikia. Sasa alikuwa na nafasi ya kuitikia na hakuwa na sauti ya kuitikia nayo. Alifanya hivyo kila sala. Macho yakiwa yamefumbwa, midomo mikavu ikienda, na mwisho wa dua aliinua kidole cha shahada kutoka juu ya shuka.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani Nassoro alitoa adhana ya Alasiri. Bi Fatma alikuwa uani akipepeta choroko za futari, akaziacha akaja, kwa sababu alikuwa hakosi kukaa na mumewe wakati ule. Tulikaa huku na huku, sote wawili tukimtazama mdomo. Nassoro akaleta takbiri, akaleta shahada, akawaita watu kwenye sala, akawaita kwenye kufaulu. Midomo ya Maalim Shee haikusogea, na macho yake yalibaki wazi. Bi Fatma aliona, nami niliona kuwa ameona, lakini alinyanyua mkono kunizuia nisiseme. Akaungoja mwito ule umalizike wote, mpaka neno la mwisho, ndipo akamfumba mumewe macho.